Soma Nyuma ya Chupa: Oili Inayofaa Pikipiki Yako ya Hapa na ya Nyumbani

Wanachama wa chama chetu wanaopanda pikipiki hapa Uingereza unaweza kuwahesabu kwa vidole. Wenye pikipiki nyumbani ni wengi kuliko tunavyokiri. Kuna aliyemnunulia mdogo wake Boxer ili aachane na kukaa kijiweni bure. Kuna aliyempa kijana wa mtaani boda kwa mkataba, na hesabu inaingia kwa mama kila jioni, ndiyo inayonunua unga na kulipa ada. Kuna waliochanga wawili au watatu, kila mmoja akakata kidogo kwenye mshahara wa kazi ya wikiendi, wakapata moja.

Pikipiki hizo hatuzioni wala hatuzisikii. Tunaletewa habari zake kwa simu, na habari mbaya mara nyingi huanza hivi: "Shikamoo dada. Pikipiki inatoa moshi. Fundi anasema tufungue injini."

Kufungua injini maana yake ni pistoni mpya, ringi mpya, pengine na bloku. Maana yake pia ni siku kadhaa bila hesabu, na pesa ambayo haikuwa kwenye bajeti ya mwezi. Si kila injini inayofunguliwa imeuliwa na oili, lakini oili isiyofaa, au oili nzuri iliyokaa kupita wakati wake, ni miongoni mwa sababu za kawaida, na ndiyo rahisi kuliko zote kuizuia.

Oili inayofaa si lazima iwe ya bei kubwa, wala yenye jina kubwa, wala ile anayoweka mjomba kwenye gari lake. Ni ile inayokubaliana na kitabu cha pikipiki, klachi ya pikipiki na hali ya hewa ya mahali ilipo. Mambo hayo yote yameandikwa kwenye chupa. Shida ni kwamba mbele ya chupa pana picha ya pikipiki inayopaa, na nyuma ndiko kuna maandishi. Wengi wetu tunanunua mbele.

Oili moja, kazi tatu

Kwenye gari la kawaida, injini ina oili yake na giaboksi ina yake. Klachi ya gari la gia za mkono hukaa pakavu. Pikipiki tulizozizoea, yaani Boxer, TVS, Honda za 125 na nyinginezo za gia, haziko hivyo. Oili ileile inayolainisha pistoni na krenki ndiyo inayolainisha gia, na klachi nayo imelowa ndani yake. Na oili yenyewe ni lita moja, au zaidi kidogo.

Ongeza na hili: injini nyingi za boda hazina rejeta. Zinapozwa na upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda. Pikipiki ikikimbia barabara tupu, upepo unatosha. Ikiwa imebeba abiria wawili na gunia la mkaa, inapanda mlima kwa gia ya pili, upepo ni mdogo na moto ni mwingi. Hapo oili inasaidia kuubeba ule moto kutoka sehemu za ndani.

Kwa hiyo oili ya pikipiki ina kazi tatu kwa wakati mmoja. Itenganishe chuma na chuma ndani ya injini. Istahimili kusagwa na meno ya gia. Na iiache klachi ishike. Kazi mbili za kwanza zinataka utelezi. Ya tatu inataka utelezi usizidi. Hapo ndipo penye mtego, na ndiyo sababu oili nzuri sana ya gari inaweza kuwa mbaya kwa pikipiki.

Namba: 20W-50 ina maana gani?

Uji ukipoa huganda, ukipashwa moto hulegea. Oili ni hivyohivyo. Uzito huo wa kumiminika tunauita mnato, na namba za SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani kilichoanza kupanga madaraja ya oili mwaka 1911, ndizo zinazoueleza.

Namba ya kwanza, yenye herufi W, ni ya baridi; W imetokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba ikiwa ndogo, oili inabaki nyepesi kwenye baridi kali zaidi. Oili ya 20W hupimwa kama injini inaweza kuzungushwa ikiwashwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Ya 10W hupimwa kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, na ya 5W kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Namba ya pili ni ya joto: hupimwa oili ikiwa na nyuzi 100, joto la injini inayofanya kazi. Hapo 30 ni nyepesi, 40 ni ya kati, 50 ni nzito.

Wapo wanaodhani 20W-50 huwa nzito zaidi ikipata moto. Sivyo. Inalegea kama oili nyingine yoyote, ila inalegea kidogo kuliko ambavyo ingelegea bila viungo ilivyotiwa. Viungo hivyo ni molekuli ndefu, na meno ya gia huzikatakata siku baada ya siku. Ndiyo maana oili ya pikipiki iliyotumika muda mrefu huwa nyepesi kuliko namba iliyo kwenye chupa yake.

Utakutana pia na oili iliyoandikwa SAE 40 peke yake, bila W, mara nyingi ya kupima kutoka kwenye pipa. Hiyo ina daraja la joto tu. Asubuhi injini ikiwa imepoa ni nzito kuliko 20W-40, na inachelewa kufika juu ya injini. Kama kitabu hakiitaji, iache kwenye pipa.

Basi ipi ni ya wapi? Dar es Salaam alfajiri ya Julai haikaribii hata nyuzi 10. Huko namba ya kwanza haina kesi kubwa. Ya pili ndiyo yenye uzito, kwa sababu ya jua, foleni na mizigo. Boxer nyingi za Bajaj zimeandikiwa 20W-50, na kwa mazingira hayo haina kosa. Hapa Leeds au Glasgow mwezi wa Januari, asubuhi chini ya sifuri, oili ya 10W-30 au 10W-40 inafika kwenye sehemu za juu za injini mapema zaidi, na dakika hizo za mwanzo ndizo zinazokula chuma. Vitabu vya Honda ndogo za 125 huandika 10W-30. Wenzetu wenye ndugu Maskati, ambako kiangazi hupita nyuzi 40, watazame jedwali la joto lililomo kwenye vitabu vingi vya pikipiki: linaonyesha namba zinazokubalika kwa kila hali ya hewa.

Kwa hiyo mtu wa Leeds anayempigia ndugu yake wa Dodoma na kumwambia "Weka 5W-30, ndiyo wanayotumia huku" anasema kweli kuhusu Leeds na kuhusu magari. Kuhusu Boxer ya Dodoma hajasema kitu.

Herufi za API: mbili tu, lakini zina umri

Alama ya pili kwenye chupa ni ya API, taasisi ya mafuta ya Marekani. Herufi S ikitangulia, oili imekusudiwa injini za petroli. C ikitangulia, ni za dizeli. Herufi inayofuata S inaonyesha umri wa kipimo: kadiri inavyosogea mbele katika alfabeti, ndivyo kipimo kinavyokuwa kipya. SL ilianza mwaka 2001, SM mwaka 2004, SN mwaka 2010, SP mwaka 2020.

Herufi hizi zinafaa kusomwa kwa sababu oili za vipimo vya zamani bado zipo madukani. SC ni kipimo cha injini za magari zilizotengenezwa hadi 1967. SF ni cha hadi 1988. SA haina viungo vyovyote, na API wenyewe wanasema haifai kwa injini nyingi zilizotengenezwa baada ya 1930. Ukiona chupa ya bei ya kutupa, angalia herufi. Huenda unauziwa oili ya enzi za babu kwa pikipiki ya mwaka jana.

Tazama kitabu kinasema SG, SJ au SL, kisha usishuke chini ya hapo. Kupanda juu kunaruhusiwa, lakini kwa sharti moja, nalo ndilo alama ya tatu.

JASO: alama inayosahaulika

Watengenezaji wa magari wamekuwa wakitafuta oili inayopunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo. Kwa hiyo oili nyingi nyepesi za kisasa za magari hutiwa viungo vya kuongeza utelezi. Ndani ya injini ya gari ni jambo jema. Kwenye klachi iliyolowa oili, viungo hivyo vinaweza kuzifanya pleti ziteleze badala ya kushikana.

Wajapani, ambao pikipiki zao zimejaa dunia nzima, waliweka kipimo chao mwaka 1998 kupitia shirika lao la viwango vya magari, JASO. Kipimo hicho, T903, huijaribu oili kwenye mashine ya msuguano na kuangalia jinsi pleti zinavyoshika. Inayoshika vizuri hupewa MA. Yenye utelezi mwingi hupewa MB. Mwaka 2006 MA iligawanywa: MA1 na MA2, na MA2 ndiyo inayoshika zaidi.

Kanuni ni fupi. Pikipiki ya gia yenye klachi iliyolowa inataka MA, MA1 au MA2, kama kitabu kinavyosema. Skuta ya kujiendesha yenyewe gia, inayotumia mkanda, klachi yake ni kavu na iko mbali na oili ya injini. Hiyo inaweza kutumia MB, na baadhi ya vitabu vya skuta huomba MB kabisa. Kwa hiyo mwenye skuta na mwenye Boxer wasiazimane oili kwa sababu tu wanakaa nyumba moja.

Chupa ikiwa haina JASO, geuza utafute duara la API. Ukiona maneno "Energy Conserving" au "Resource Conserving", irudishe rafuni. Vitabu vya Honda vinaonya kuhusu maneno hayo waziwazi.

Utajuaje klachi inateleza? Ukiwa gia ya juu kwenye mlima, fungua moto. Injini ikipiga kelele lakini mwendo hauongezeki, klachi haishiki. Kabla ya kuilaumu oili, kagua waya wa klachi kama umekaza mno, na uliza pleti zina umri gani. Kama vyote viko sawa na oili ni ya gari, imwage uweke ya MA. Pengine pleti zitarudi kushika. Pengine zimeshaungua na zitabadilishwa.

Bei: ya madini au sinthetiki?

Oili ya madini hutoka kwenye mafuta ghafi yaliyosafishwa. Sinthetiki hutengenezwa kwa kazi zaidi kiwandani, inavumilia joto bila kuharibika upesi, na kwenye baridi inamiminika vizuri. Kati yao kuna mchanganyiko, nusu kwa nusu kwa jina, ingawa kipimo halisi cha mchanganyiko kila mtengenezaji anacho chake.

Kwa boda ya injini ndogo inayomwagwa oili kila mwezi, oili ya madini yenye namba sahihi, API sahihi na JASO MA inafanya kazi yake. Sinthetiki ghali inayoachwa mpaka iwe lami haimsaidii mtu. Ukiwa na pesa ya ziada, ni afadhali uiweke kwenye kumwaga mapema kuliko kwenye chupa ya kifahari.

Wahenga walisema rahisi inavunja upishi, na kuhusu oili walikuwa sahihi kwa upande mmoja. Chupa ya bei ndogo mno inaweza kuwa imejazwa tena oili iliyokwisha tumika, ikachujwa na kufungwa upya. Nunua duka linalojulikana. Kagua kizibo: pete yake ikatike mbele yako. Tafuta namba ya toleo na tarehe, pamoja na alama ya ubora ya TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya. Tazama maandishi kama yamekosewa tahajia. Na baada ya kumimina, toboa chupa tupu kabla ya kuondoka gereji, ili isipate mteja mwingine.

Mwage lini, na nani alipe?

Tuseme kitabu kinataka oili imwagwe kila kilomita 3,000. Mwanachama anayekwenda chuoni na kurudi, kilomita 10 kwa siku, atafika huko baada ya siku 300. Boda inayotembea kilomita 100 kwa siku inafika baada ya siku 30. Kitabu ni kimoja, kalenda ni mbili. Vumbi, mizigo na foleni ni sababu ya kuwahi zaidi. Na wa hapa asijidanganye kwamba safari fupi hazichoshi oili. Injini isiyopata moto wa kutosha hukusanya unyevu na petroli ndani ya oili, kwa hiyo hata kilomita zisipotimia, mwage angalau mara moja kwa mwaka.

Rangi isikutie hofu. Oili kuwa nyeusi si ushahidi kwamba imekufa. Sehemu ya kazi yake ni kusafisha na kubeba uchafu. Hesabu kilomita. Kiwango nacho kiangaliwe kila wiki, pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare, si ikiwa imeegemea stendi ya pembeni, na injini ikiwa imezimwa kwa dakika chache. Ikipungua iongezwe, lakini isipite alama ya juu. Ikipungua kila wiki na moshi wa bluu ukatoka, injini inakula oili. Kuweka oili nzito zaidi kutaficha moshi kwa muda. Hakutaziponya ringi.

Sasa suala gumu. Katika mikataba mingi ya boda, dereva ndiye anayelipia oili. Kila siku anatoa hesabu kwanza, petroli inafuata, halafu chakula cha nyumbani. Oili inangoja foleni, na ikifika zamu yake inanunuliwa ya bei ya chini. Dereva si adui wa pikipiki; mkataba ukiisha itakuwa yake. Ila leo njaa iko karibu kuliko mkataba kuisha. Mwenye pikipiki akikubali kulipia oili mwenyewe, au kusamehe hesabu ya siku ya kumwaga, anajinunulia injini yenye umri mrefu kwa bei ya lita moja. Liandikwe kwenye mkataba, pamoja na aina ya oili na idadi ya kilomita. Na kama kipima kilomita kimekufa, kama kawaida ya boda nyingi, hesabuni kwa siku.

Oili iliyomwagwa isiende kwenye mtaro. Ina chembe za chuma na sumu, na si nzuri kwa ngozi, basi nawa mikono kwa sabuni. Hapa Uingereza vituo vya taka vya halmashauri huipokea. Nyumbani, muulize fundi anaiweka wapi, na umwombe aiweke kwenye dumu lenye kifuniko.

Ujumbe wa kutuma nyumbani

Unaweza kuunakili na kubadilisha jina la pikipiki:

"Mdogo wangu, habari za huko? Naomba unisaidie mambo matano kuhusu pikipiki.
1. Piga picha ukurasa wa oili kwenye kitabu cha pikipiki. Kama kitabu kimepotea, muulize wakala anayeuza pikipiki hizo.
2. Dukani, piga picha ya nyuma ya chupa, siyo mbele. Nataka kuona SAE, API na JASO.
3. Iwe imeandikwa MA, MA1 au MA2. Isiwe ya gari, isiwe ya kupima, na isiwe 2T, maana hiyo ni ya injini za kuchanganya oili na petroli.
4. Fundi akimwaga, asafishe na kichujio, au akibadilishe kama ni cha kubadilisha. Chupa tupu itobolewe.
5. Andika tarehe na kilomita kwenye daftari. Nitakukumbusha kabla ya zamu inayofuata."

Picha ikifika, isome mwenyewe mstari kwa mstari: namba, API, JASO, tarehe. Kisha ndipo utume pesa.